Mgolole Usiokombolewa

Haya alinisimulia Damari mwenyewe, binti wa Mzee Yoramu Chilongani, mwaka ule uwele ulipokubali mara mbili, tukiwa uani kwangu tunapeta. Alisimulia kwa siku mbili. Siku ya kwanza alifika mahali akanyamaza, akachukua ungo wake akaenda zake. Siku ya pili alirudi akaanzia palepale. Ninayaandika kama alivyoyasema, na pale aliponyamaza nitapaonyesha.

Ilikuwa siku ya kuondoa matanga. Dada mkubwa wa Mzee Yoramu alikuwa amezikwa juzi yake, na uani kwao Mpwapwa watu walikuwa wamejaa, masufuria jikoni, watoto vumbini. Saa tatu asubuhi Mzee Yoramu alitoka chumbani amevaa kaptura tu, kitambaa chake kimekunjwa mkononi.

"Damari," akasema, "naenda kuoga. Kianike hiki kinywe jua. Usiku kucha kilikuwa kazini."

"Baba, usikawie."

"Nina saa tatu zangu za kukaa bila hicho. Nitaoga mpaka visigino."

Kitambaa chenyewe wengi wenu mmekiona, ila wakati ule kilikuwa bado kigeni. Ni chepesi kama kanga ya kuchakaa, rangi ya wingu la mvua, na huvaliwa kwa kufungwa juu ya bega moja. Kwa nje kimepigwa wino unaokunywa jua na kulitoa likiwa umeme. Kwa ndani, upande wa mwili, kuna utando. Wahandisi wanauita elektrodi. Wanawake wa karakana inayovitengeneza waliuita utando kwa sababu unafanana na ule unaoganda juu ya maziwa yaliyochemka: laini, unakunjika, huwezi hata kujua upo. Ni plastiki, lakini si kama ya ndoo. Hii inapitisha umeme. Zamani kazi hiyo ilifanywa na madini juu ya kioo, na kioo ukikikunja kinavunjika. Utando haukuvunjika. Tena ulikuwa na tabia moja: ukionja chumvi ya jasho unaamka, unatoa nyuzi nyembamba kuliko unywele, nyuzi zinapenya ngozi bila kuuma na kuutafuta moyo. Ukiukuta moyo unajikwaa, unaushika mkono na kutembea nao.

Damari alikuwa fundi wa kupaka utando katika karakana ya vitambaa. Kazi yake ilikuwa kumimina ule uji na kuutandaza kwa ubao mrefu, taratibu, bila kupumua sana, kisha kuuacha ukauke siku tisa. Kitambaa cha baba yake alikipaka yeye. Pindo likiwa rangi ya wingu, kitambaa kimelala. Pindo likigeuka buluu ya anga, kimeshika moyo.

Basi akakianika kwenye kamba, akarudi jikoni kukoroga mlenda.

*

Watani walifika saa nne kasoro. Msiba wa Mgogo bila Mhehe haujaisha, ndivyo ilivyo, na Mhehe wa mtaa ule alikuwa mmoja tu mwenye kelele za watu kumi: Aloisi Kikoti, fundi mwashi, mtu wa miaka arobaini na mbili, mabega kama mlango. Mkewe Skolastika alimfuata nyuma amebeba kuni za msiba kichwani.

"Ficheni mbwa!" akapiga kelele shangazi mmoja. "Mhehe kaingia!"

"Mbwa wenu nani amle?" Aloisi akajibu kabla hajavuka lango. "Amekonda mpaka akitaka kubweka anaegemea ukuta! Kamwene, wafiwa! Nimekuja kulia. Lakini kwanza nile."

Watu wakacheka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, kuwafanya waliovimba macho wacheke. Na kazi yake nyingine ni kuchukua. Mtani akiingia msibani akashika kitu, sufuria, kiti, hata kofia kichwani mwa mwenye nyumba, kimeshikwa. Hakasiriki mtu. Unakikomboa kitu chako kwa atakachotaja, kuku au kibuyu, naye anakurudishia. Usipokomboa, ni chake. Hakirudi tena, na hata yeye mwenyewe akitaka kukirudisha hakipokelewi, maana itakuwa kama umemwambia utani wake ni wizi.

Aloisi akatupa macho kwenye kamba.

"Ee! Jamani njooni mwone wizi! Huu si mgolole wa babu yangu? Mgogo alijua lini kufunga mgolole? Mgolole ni vazi la Wahehe, ninyi mlikuwa mnajifunika ngozi ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe wa kuomba!"

Akauvuta. Akavua shati, akaufunga begani kwa fundo la kikwao, akaanza kucheza. Akacheza kweli. Vumbi likapanda, wanawake wakampigia vigelegele na makopo, jasho likamtiririka kifuani.

"Nataka jogoo! Mwekundu! Mkinipa mweupe navaa hivi hivi mpaka Iringa!"

Damari alitoka jikoni na mwiko mkononi akaona. Akacheka pia. Aliniambia hilo mara mbili: "Bibi, nilicheka." Hakuona hatari. Mtu mzima wa afya akivaa kitambaa kile hakimfanyi kitu, yeye mwenyewe alishavivaa karakana mara mia wakati wa kupima urefu, na pindo halikuwahi kubadilika. Baba yake alikuwa bado ana saa mbili na zaidi. Akamwagiza binti mmoja akamate jogoo.

Kisha Aloisi akageuka, kitambaa kikapepea, na Damari akaliona pindo.

Lilikuwa buluu ya anga.

Akadhani ni jua. Akamshika mkono akamvuta hadi chini ya upenu, kwenye kivuli, Aloisi naye akidhani anatekwa, akawa anapiga mayowe ya mzaha: "Naibiwa na Mgogo! Skola, mumeo anaibiwa!" Kivulini pindo likawa buluu zaidi. Damari akaweka kidole juu yake. Kitambaa kilikuwa na joto, kinapiga taratibu kama kitu kinachopumua.

"Mtani," akamwambia, na sauti yake haikuwa yake, "usivue hicho kitambaa. Kaa hapa. Usikivue mpaka nirudi."

"Umeona? Wameshakubali! Hata jogoo hawana!"

*

Alipiga simu akiwa nyuma ya choo, mahali pekee pasipokuwa na watu. Alimpigia Daktari Kokugonza wa mkoani, mama wa Kihaya anayesimamia wagonjwa wote wa vitambaa.

"Rangi gani?" daktari akauliza.

"Buluu, daktari. Buluu kabisa."

"Kwa mtu mwingine."

"Kwa jirani. Fundi mwashi. Anabeba mifuko miwili ya saruji kwa wakati mmoja, hajawahi kuugua hata mafua."

Daktari akasema kwa sauti ya chini: "Usivue. Sikiliza, Damari. Moyo unaobebwa ni kama mtoto anayebebwa, unasahau kutembea. Baba yako tulimzoesha miezi mitatu kukaa bila kitambaa, leo dakika, kesho robo saa. Huyu hajazoeshwa. Siku za mwanzo ndizo mbaya, moyo unajitupa wote. Ukimvua, anaweza kuanguka hapohapo."

"Na baba?"

"Baba amevua saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Basi ana mpaka saa sita."

"Leteni kingine."

"Kilicho karibu kukauka kiko hapa kwetu, kina siku nne mbele. Kikivaliwa kibichi kinaunguza."

"Basi leteni ile mashine ya waya ya kuendesha moyo, ya zamani."

"Zilikusanywa zote, Damari, mwaka ule vitambaa vilipokuja. Zilionekana hazina kazi tena." Daktari akapumua. "Lakini sielewi. Kitambaa kina kizuizi. Hakitakiwi kushika moyo mwepesi hivyo. Kinatakiwa kusikiliza siku nzima kwanza."

Hapo Damari akajua. Akachuchumaa palepale.

Miezi miwili kabla, kitambaa cha baba yake kilikuwa kinamwachia. Kinamshika, kinamwachia, mzee anaanguka njiani kwenda kanisani. Karakana ilisema asubiri zamu ya kingine, na zamu ilikuwa mbali. Wanawake wa karakana walikuwa na ujanja wao, haukuandikwa popote: utando ukiwa mzito kupitisha umeme, unausuuza kwa maji ya ukwaju. Tindikali ya ukwaju inaondoa kile kinachokaba katikati ya nyuzi, na umeme unapita kama maji yaliyoondolewa taka mferejini. Damari alikiloweka cha baba yake beseni zima, usiku mmoja. Kikashika vizuri. Mzee hakuanguka tena. Yeye akafurahi, hakumwambia mtu.

"Nilikisuuza kwa ukwaju," akasema kwenye simu. "Kizuizi nilikilegeza mimi."

Kisha akauliza:

"Daktari, niambie kitu kimoja. Aloisi alikuwa mgonjwa na hatujui, au kitambaa ndicho kilichomgonjwesha?"

"Hatujui."

"Ninyi hamjui?"

"Damari, hakuna aliyewahi kuuliza. Kitambaa kimeandikwa jina la mtu. Kwenye karatasi tumeandika kisivaliwe na mwingine."

Damari akalitazama jina la baba yake akilini, lilivyoshonwa kwenye kona kwa uzi mweupe, dogo kama sisimizi. Nani anasoma kona ya mgolole ulioanikwa msibani?

*

Sasa fikiria wewe, utamwambiaje mtani ukweli siku ya utani?

Alimwambia. Alimwambia polepole, mbele ya mkewe, kwamba moyo wake umeshikwa, kwamba akivua ataanguka. Aloisi akasikiliza mdomo wazi. Kisha akapasuka kwa kicheko mpaka akashika ukuta.

"Umeniweza! Wallahi, Mgogo ameniweza! Skola, umesikia? Kwa kuwa hawana jogoo, wanasema nikivua nakufa! Hii nitaipeleka kwetu!"

"Kaka Aloisi, siyo utani."

"Siyo utani!" Akawageukia watu. "Anasema siyo utani! Ndiyo utani wenyewe huo!"

Watu wote wakacheka. Shangazi yule akadakia, "Vua tuone, Mhehe, kama una moyo!" Na kabla Damari hajafika, Aloisi alishapeleka mkono begani, akafungua fundo, akauinua mgolole juu kama bendera.

Alisimama hivyo kwa muda wa kuhesabu tatu. Kicheko kilikuwa bado usoni. Kisha macho yakapanda juu, na lile pande la mtu likaenda chini kifudifudi, likaangusha benchi na vikombe.

Wapo waliocheka bado. Damari anasema hicho ndicho kilichomtisha kuliko vyote, kwamba mtu ameanguka mbele yao na wao wanaendelea kucheka, wanasema ameigiza vizuri. Skolastika ndiye aliyejua. Akapiga ukelele mmoja, na uani kote kukawa kimya hata kuku.

Damari alimgeuza chali kwa nguvu asizojua zimetoka wapi. Akamtandikia kitambaa kifuani, upande wa utando ndani, akakikandamiza kwa viganja viwili. Pindo la wingu. La wingu. La wingu bado. Midomo ya Aloisi ilikuwa imegeuka majivu. Akaanza kuhesabu kwa sauti, hakujua kwa nini anahesabu. Alipofika kumi na tisa pindo likaanza kubadilika kutoka kona, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, na Aloisi akavuta pumzi kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

Akafumbua macho. Akamtazama mkewe, akamtazama Damari.

"Mtani," akasema kwa shida, "huo sasa siyo utani."

*

Mzee Yoramu alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba tangu atoke kuoga, ameona yote. Saa tano ilipopita Damari akaanza kuona kucha zake. Kucha za mzee zilikuwa zinapauka kwa kukosa damu.

Baba mdogo Nehemia, mdogo wake Mzee Yoramu, ndiye aliyesema kile ambacho wengine walikuwa wanakimeza.

"Kitambaa kina jina. Jina ni la kaka yangu. Damari, wewe ndiye fundi. Kivue umpe baba yako."

"Na mume wangu?" Skolastika akauliza. Alikuwa ameketi mchangani, kichwa cha mumewe mapajani.

"Dada, tunasikitika. Lakini kakichukua mwenyewe."

"Kakichukua kwa utani! Ninyi ndio mliomwita! Mlimpigia makopo!"

"Sijasema kaiba. Nimesema kina mwenyewe."

Damari anasema alitafuta uso mmoja wa kumsaidia, hakuupata, kila mtu alitazama chini. Akaenda akapiga magoti mbele ya Aloisi. Aloisi alikuwa anamtazama tu. Hakushika kitambaa, hakuomba. Alisema, "Fanya, binti. Mzee ni mzee wako," na jasho likamtoka puani.

Damari akaweka mkono kwenye fundo.

Hapo ndipo aliponyamaza siku ya kwanza, akachukua ungo wake.

Siku ya pili alikuja asubuhi, hata hakusalimu vizuri. Alisema: "Bibi, nilikuwa nimeshaanza kufungua. Usije ukaandika kwamba nilisita. Nilikuwa nimelitoa tanzi la kwanza la fundo. Mimi niliyekilegeza, nilikuwa namvua mtu aliyekamatwa na mikono yangu, na nilijua atakufa, na vidole havikutetemeka. Nilikuwa namtaka baba yangu."

Mkono wa mzee ukamshika kwa nyuma. Alikuwa ameinuka kutoka kwenye kiti cha kamba, ametembea hatua zote zile.

"Acha," akasema.

"Baba, saa sita inakaribia."

"Naiona." Akawageukia watu, akajitahidi kusimama wima. "Huyu ni mtani wangu?"

"Ni mtani wako," wakajibu wachache.

"Ameingia msibani kwangu, ameshika kitu changu, ametaja jogoo mwekundu?"

"Ametaja."

"Basi sikilizeni wote, na wewe Nehemia usikilize. Sikomboi."

Kila mtu alielewa. Kitu kisichokombolewa ni cha aliyekishika. Mzee alikuwa amekifanya kitambaa kuwa mali ya Aloisi Kikoti mbele ya mashahidi hamsini, na hakuna karatasi ya karakana wala uzi mweupe wa kwenye kona ungeweza kulifuta neno lile.

"Kaka, umeshikwa na nini!" Nehemia akapiga kelele.

"Nina miaka sabini na mitatu. Yeye ana watoto wa shule. Nileteeni kiti."

"Sikitaki!" Aloisi akajiinua kwa kiwiko, machozi yanamtoka waziwazi. "Mzee, nimekataa! Kichukue! Nilikuwa nacheza, nakuapia Mungu nilikuwa nacheza!"

"Hakirudi. Unajua hakirudi. Unataka kunitukana nyumbani kwangu?"

Damari alikuwa bado amepiga magoti. Alikuwa anajua jambo jingine, ambalo hakulisema kwa sababu lilimwogopesha kuliko kufungua fundo. Sasa likamtoka lenyewe.

"Inawezekana kuwafunika wawili."

Wakamtazama.

"Karakana tulijaribu kwa mbuzi. Jozi tatu, kila jozi kitambaa kimoja. Kitambaa hakijui kubeba mioyo miwili, kinaifanya kuwa mmoja. Inapiga pamoja. Jozi mbili ziliishi."

"Na ya tatu?" Skolastika akauliza.

"Moyo mmoja ulijikwaa ukavuta mwenzake. Walikufa wote wawili kwa wakati mmoja. Daktari alikataza tusirudie."

"Hapana," Mzee Yoramu akasema papo hapo. "Mtoto wa watu ana hakika ya kuishi. Siwezi kumtia kwenye bahati nasibu kwa ajili ya mifupa yangu. Damari, nimesema hapana. Hilo ni neno langu."

Akaketi. Alikuwa anapumua kwa mdomo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatafuta kitu hewani ambacho hakikuwepo. Damari alimtazama baba yake, kisha akamtazama Skolastika, na katika macho ya Skolastika akaona swali lilelile lililokuwa lake dakika chache nyuma. Hakuweza kumwomba. Angemwomba nini? Mimi nilikuwa tayari kumuua mumeo, sasa mkopeshe?

Skolastika akainama sikioni mwa mumewe. Alisema maneno machache ya Kihehe. Damari hakuyaelewa, na hakuwahi kuuliza.

Aloisi akaanza kutambaa. Alitambaa kwa magoti na mkono mmoja, mkono mwingine umeshika mgolole kifuani usiteleze, akavuka ule uwanja wa vumbi mpaka kwenye kiti cha kamba.

"Mzee Chilongani," akasema, anahema, "huu mgolole ni wa nani?"

"Wako."

"Umesema mbele za watu?"

"Nimesema."

"Basi wewe Mgogo unanipangia mali yangu tangu lini? Namfunika nimtakaye."

Akauzungusha upande mmoja wa kitambaa, akamtupia mzee begani, akamkumbatia kwa nguvu, kifua kwa mgongo, kama mtu anayemzuia mwenzake kwenye ugomvi. Mzee akataka kusukuma. Hakuwa na nguvu za kusukuma.

Pindo likawa jeusi. Damari hakuwahi kuona kitambaa kikiwa cheusi. Hata wakati wa mbuzi yeye hakuwepo chumbani. Jeusi kama kitako cha sufuria. Vichwa vya wale wanaume wawili vikaanguka pamoja mbele, kama vimekatwa kamba moja. Mtu akasema "Yesu!" Skolastika akafunika uso kwa viganja. Damari hakufunika. Alikuwa fundi, aliona lazima aone.

Jeusi. Jeusi. Kisha kona moja, rangi ya zambarau. Ikarudi jeusi. Ikaja tena zambarau, ikasambaa, ikasimama, kama inasikiliza. Halafu buluu ikaingia polepole kutoka pande mbili, ikakutana katikati.

Mzee Yoramu ndiye aliyeanza kukohoa. Aloisi akakohoa baada yake, kikohozi kilekile, pigo kwa pigo.

"Mungu wangu," mzee akasema, sauti kama ya mtu anayetoka kisimani. "Nimelala na Mgogo mwenzangu miaka arobaini, Mungu akamchukua. Leo nakumbatiwa na Mhehe."

Aloisi akaanza kucheka, na mzee akashika kifua.

"Usicheke, mjinga wewe! Unanikimbiza!"

*

Waliingizwa ndani jioni, kwa hatua ndogo ndogo, wamefungwa pamoja kama mzigo wa mabua. Godoro liliwekwa sakafuni. Wino wa kitambaa kile haukuchagua jua tu, hata mwanga wa taa uliunywa kidogo kidogo, kwa hiyo Damari akazichukua taa zote za nyumba akazitundika juu yao, na majirani wakaleta za kwao. Chumba kikawa cheupe kama zahanati. Siku nne hadi kingine kikauke. Siku nne asiinuke mmoja bila mwenzake, asishtuke mmoja, asikasirike mmoja.

Baba mdogo Nehemia alikuja kusimama mlangoni. Akamwambia Aloisi, "Jogoo yupo. Mwekundu." Aloisi akajibu kwamba amwache aishi, leo wameteseka wengi. Nehemia akaenda kulala bila kumtazama Skolastika.

"Mzee," Aloisi akasema, sasa kwa sauti ndogo.

"Sema."

"Ukiota unakimbizwa na simba, niamshe kwanza."

"Sina nguvu za kuota. Lala, Mhehe. Ukikataa usingizi wewe, na mimi naukosa, naukuta moyo unarandaranda tu."

"Naogopa kulala."

"Najua unaogopa. Nausikia."

Mzee akalala. Muda mfupi tu baadaye Aloisi naye akalala, na kifua kimoja kikapanda kingine kikipanda. Skolastika alikuwa ameketi ukutani. Damari akaenda akaketi upande wa pili wa godoro, akamweleza habari ya ukwaju. Alimweleza yote, beseni, usiku ule, furaha yake. Akamweleza na tanzi la fundo alilolitoa.

Skolastika hakumtukana. Akasema, "Hilo la fundo nililiona. Ningekuwa wewe ningefungua yote." Akaongeza, "Hilo la ukwaju sijui bado. Nitakwambia nikijua." Akavuta kanga yake, akajilaza miguuni mwa mumewe, na baada ya muda akapitiwa.

Damari akabaki peke yake na zile taa. Akachukua simu. Alifikiri kuhusu karatasi ya karakana na yale maneno, kisivaliwe na mwingine, yaliyoandikwa na watu ambao labda kwao kila mtu ana kabati lake. Alifikiri kuhusu wanawake wenzake karakana, wangapi wana baba, wangapi wana mume, wangapi wana beseni la ukwaju. Akamwandikia daktari:

*Huku kwetu nguo huazimwa. Mtoto akisikia baridi anafunikwa kilicho karibu. Mgeni akija anatandikiwa. Vitambaa vilivyotoka ni mia tatu na arobaini, na si mimi peke yangu ninayesuuza. Leo viko mabegani mwa nani?*

Akatuma. Akaona kwamba ujumbe umesomwa. Akaiweka simu gotini, akaitazama akisubiri. Alisubiri hadi kioo kikazimika, akakigusa kikawaka, hakuna neno. Akakigusa tena. Mara ya tatu mkono ulianguka kabla haujafika, na kichwa kikaegemea ukuta, na Damari, aliyekuwa wa mwisho macho katika nyumba ile, akalala.